Daftari la senti 10: nani alipie anachohitaji rubani?

Juzi nilikuwa nakunywa chai na rafiki yangu wa tangu sekondari. Siku hizi ni rubani msaidizi, ana michirizi begani na macho ya mtu anayelala kwa vipande vipande. Katikati ya maongezi akaniuliza: "Kaka, hivi kamera yako ulinunua mwenyewe au ofisi ilikupa?"

Nikacheka, maana amegusa kidonda. Nilinunua mwenyewe.

Kumbe alikuwa na lake. Marubani wenzake kadhaa wanalipia kwa mwezi, kwa pesa zao wenyewe, programu mbili tatu kwenye simu. Moja ina taarifa za viwanja vya ndege, sheria za saa za kazi na majedwali ya kila namna. Nyingine inasaidia kusoma ratiba, kuhesabu mapumziko na kuona ni safari gani uombe mwezi ujao. Yeye ndiyo kwanza anaanza, mkopo wa chuo cha urubani haujaisha, na anajiuliza kama anazihitaji kweli au anafuata mkumbo.

Nilimwambia nipe siku chache. Unajua sisi waandishi, ukituuliza swali la leo tunakimbilia la jana. Nikaanza kusoma, na nilichokuta ni kwamba swali lake limezeeka kuliko babu zetu wengi. Tangu ndege zianze kufanya kazi ya kulipwa, rubani amekuwa akiulizwa swali hilo hilo: je, maarifa ya kukufikisha salama ni mali yako, mali ya mwajiri wako, au bidhaa ya duka?

Tuanzie Marekani, kwa sababu ndiko biashara hii ilikozaliwa.

Tarehe 15 Mei 1918 Marekani ilizindua huduma ya kusafirisha barua kwa ndege. Rais Woodrow Wilson mwenyewe alifika uwanjani Washington kushuhudia. Kwanza ndege ikagoma kuwaka, wakagundua haina mafuta. Walipojaza, rubani George Boyle akaruka, na badala ya kuelekea kaskazini, Philadelphia, akaelekea kusini. Alitua shambani Waldorf, Maryland, akavunja panga la ndege, na zile barua zikarudishwa Washington kwa gari. Tunaweza kumcheka, lakini tujiulize Boyle alikuwa na nini mkononi. Alikuwa na dira isiyoaminika na ramani ya kawaida ya nchi kavu. Ramani ya anga aliyoihitaji ilikuwa haijachorwa.

Miaka ile marubani walifuata reli. Ukiona reli unaifuata mpaka mjini. Ukungu ukishuka unashuka nao, na ukishuka sana unakutana na mlima. Usiku wa tarehe 22 Februari 1921 rubani Jack Knight alibeba barua kutoka North Platte, Nebraska, mpaka Chicago, sehemu kubwa ya safari juu ya njia asiyoijua, akitumia ramani ya barabara na mioto iliyowashwa chini na watu waliokuwa wakimsubiri. Alifika, akawa shujaa wa magazeti. Wengine hawakufika. Mpaka huduma hiyo ilipokabidhiwa kwa kampuni binafsi mwaka 1927, zaidi ya marubani 30 walikuwa wamekufa.

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Mwaka huo huo wa 1921, idara ya posta ilichapa kitabu cha maelekezo kwa marubani wa njia ya New York mpaka San Francisco. Kilieleza kwamba ukifika maili kadhaa utaona mto, kisha reli, kisha kiwanja upande huu wa mji. Yaani chombo cha kwanza cha marejeo kwa marubani hawa hakikuuzwa. Mwajiri, ambaye alikuwa serikali, ndiye aliyekitoa. Tatizo ni kwamba dunia inabadilika kila wiki na kitabu kikishachapwa kinabaki vile vile.

Sasa anaingia Elrey Jeppesen.

Jeppesen alizaliwa mwaka 1907 Louisiana, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Denmark. Alijifunza kuruka akiwa kijana, na mwaka 1930 akaajiriwa na Boeing Air Transport, kampuni iliyokuja kuwa sehemu ya United. Walimpa njia ya milima, kati ya Salt Lake City na Cheyenne, ambayo wakati wa baridi ilikuwa inakula watu. Wenzake walikuwa wanakufa. Yeye akaenda dukani, akanunua daftari dogo jeusi lenye karatasi za kuchomoa na kuchomeka. Bei yake ilikuwa senti 10.

Alichokifanya na daftari hilo ndicho kinachonivutia. Alichora viwanja alivyotua, akaandika urefu wa njia ya kurukia, nguzo za umeme ziko wapi, mteremko uko upande gani. Siku zake za mapumziko alipanda vilima, mabomba ya moshi ya viwandani na matangi ya maji akiwa na kipimo cha urefu mkononi, ili ajue hasa ndege ipite juu ya futi ngapi. Alichukua namba za simu za wakulima walioishi kando ya njia, awapigie kabla ya kuruka awaulize: huko kwenu mawingu yakoje? Kwa lugha yetu ya kazi, huyu bwana alikuwa anafanya uandishi wa uchunguzi. Alikwenda mwenyewe, akapima mwenyewe, na alikuwa na watoa habari wake.

Wenzake wakaanza kumwomba wanakili. Mwanzoni alitoa bure. Maombi yalipozidi, mwaka 1934 akaanza kuchapa nakala kwenye chumba cha chini cha nyumba na kuziuza dola 10 moja. Dola 10 za wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi si mchezo, na marubani walinunua.

Je, alikosea kuuza? Nimelifikiria sana hili, na jibu langu ni hapana. Aliyelipa dola 10 alinunua karatasi, na pamoja nayo kazi ya mtu aliyepanda bomba la moshi akapima. Na zile karatasi za kuchomoa zilikuwa na maana yake. Kiwanja kikibadilika, unachomoa ukurasa wa zamani na kuchomeka mpya. Hapo ndipo ilipozaliwa biashara yenyewe. Kitabu unanunua mara moja, lakini usahihi wa leo unaulipia kila mara. Marubani waliofanya kazi zama za karatasi watakwambia habari za bahasha za marekebisho na saa walizopoteza mezani wakibadilisha kurasa moja moja.

Kisha mzigo ukahama. United ikawa shirika la kwanza kuwalipia marubani wake, na mengine yakafuata. Kilichokuwa akiba ya rubani mmoja mmoja kikawa gharama ya kampuni, kama mafuta na matairi. Jeppesen alihamia Denver mwaka 1941, akaacha kurusha ndege za United mwaka 1954, na mwaka 1961 akauza kampuni yake kwa Times Mirror, wachapishaji wa magazeti. Leo jengo la abiria la uwanja wa ndege wa Denver linaitwa kwa jina lake.

Wakati huo huo serikali nazo ziliamka. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ulizaa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, na kukubaliana kwamba kila nchi mwanachama ina wajibu wa kutoa taarifa za anga yake: viwanja, njia, masafa ya redio, vizuizi. Ndiyo maana hata sisi Tanzania mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, ina kitabu rasmi cha taarifa za anga, na Kenya KCAA ina chake. Mabadiliko makubwa hutolewa kwa mizunguko ya siku 28 dunia nzima, ili rubani wa Nairobi na wa Oslo wafungue ukurasa mpya siku moja.

Kwa hiyo habari ghafi ni ya umma. Anachouza mfanyabiashara ni kuikusanya kutoka nchi zote, kuipanga kwa mtindo mmoja, na kuifikisha mkononi kwa wakati. Marekani yenyewe ramani za serikali zinapakuliwa bure kwenye intaneti, na bado watu wanalipia za Jeppesen. Wengi wetu tunalipia maji ya chupa wakati bomba lipo, na wakati mwingine tuna sababu nzuri kabisa.

Lakini maarifa yakishakuwa bidhaa, yanaweza kuwa bidhaa mbovu.

Tarehe 15 Novemba 1964 ndege ya Bonanza Air Lines iliyotoka Phoenix ilikuwa inakaribia Las Vegas katika theluji. Iligonga kilima, watu 29 wote wakafa. Kesi iliyofuata ilihusu karatasi. Ramani ya kushukia ilikuwa na michoro miwili kwenye ukurasa mmoja, mmoja wa kutazama kutoka juu na mwingine wa kutazama kutoka pembeni. Mmoja ulionyesha umbali wa maili 15, mwingine maili 3 tu, lakini kwa macho vilionekana kama kipimo kimoja. Mwaka 1981 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba ramani ni bidhaa kama bidhaa nyingine za kiwandani, na mchoro unaopotosha ni kasoro ya bidhaa. Sitasahau hoja hiyo. Namba zote zinaweza kuwa sahihi na mchoro bado ukaua.

Kisha ikaja siku ambayo, kwangu mimi, ndiyo moyo wa habari hii yote.

Tarehe 1 Desemba 1974, Boeing 727 ya shirika la TWA, safari namba 514, ilikuwa ikielekea Washington. Upepo ulikuwa mkali, ikaelekezwa uwanja wa Dulles. Waongoza ndege wakaiambia imeruhusiwa kufuata utaratibu wa kushuka. Marubani wakaelewa kwamba wanaweza kuteremka mara moja mpaka futi 1,800. Mwongoza ndege kwa upande wake alielewa kwamba jukumu la kukwepa milima ni la marubani. Kwenye ramani, futi 1,800 zilikuwa halali baada ya kupita kituo kiitwacho Round Hill, na kabla ya hapo kulikuwa na milima. Kapteni aliiona namba nyingine kwenye karatasi, futi 3,400, wakaijadili, wakahitimisha kwamba ruhusa waliyopewa inatosha. Ndege iligonga mlima wa Mount Weather, Virginia. Watu 92 walikuwamo, na wote walikufa.

Sasa sikiliza. Wiki kama sita kabla yake, ndege ya United ilikuwa imepata kisa kile kile, mahali pale pale. Ilielewa ruhusa vile vile, ikashuka, ikaukosa ule mlima kidogo tu. Marubani wake waliripoti ndani ya kampuni yao, kwenye mpango wa usalama ambao United ilikuwa imeuanzisha. United ikawatahadharisha marubani wake. Ikaishia hapo.

Marubani wa TWA hawakuambiwa. Onyo lilikuwapo, limeandikwa na limesomwa, ila lilisomwa kwenye ofisi ya jirani.

Huwa nikifika hapo nasimama. Tunapobishana kuhusu bei ya programu, tunasahau kwamba bei kubwa kuliko zote ni ya habari iliyokuwapo ikashindwa kufika. Onyo lile lisingemgharimu mtu dola hata moja. Lilihitaji tu mlango wa kutokea.

Mlango ulifunguliwa baadaye. Mwaka 1976 Marekani ilianzisha mfumo wa marubani na waongoza ndege kuripoti makosa yao kwa siri. Unaendeshwa na NASA, ambao hawana mamlaka ya kumwadhibu rubani. Mtu anaandika alichokosea, jina linafutwa, funzo linasambazwa kwa kila mtu, bure. Mashirika nayo yakalazimishwa kufunga kifaa kinachopiga kelele ardhi inapokaribia. Ukiniuliza chombo gani cha marejeo kimeokoa watu wengi, nitashawishika kutaja hicho cha bure.

Zama za kompyuta zilikuja na mtego wake. Tarehe 20 Desemba 1995, American Airlines 965 ilikuwa inatoka Miami kwenda Cali, Kolombia, usiku, kati ya milima. Marubani walitaka kuelekea mnara wa redio wa Rozo. Kwenye ramani ya karatasi mnara huo ulitambulishwa kwa herufi R. Wakaandika R kwenye kompyuta ya ndege. Lakini ndani ya kompyuta R ilileta mnara mwingine, Romeo, ulioko karibu na Bogotá. Ndege ikageuka kushoto gizani. Walipogundua walikuwa wamechelewa. Kati ya watu 163, walipona 4.

Wachunguzi waliweka lawama kubwa kwa marubani. Lakini mwaka 2000, jopo la raia katika mahakama ya Miami lilipotakiwa kugawa wajibu, liliipa American asilimia 75, Jeppesen asilimia 17, na Honeywell waliotengeneza kompyuta asilimia 8. Karatasi na kompyuta, zote zikitegemea kazi ya kampuni ile ile ya ramani, zilikuwa zinamwambia rubani mambo mawili tofauti. Kwa hiyo tusidhani kwamba ukilipa umenunua ukweli.

Baada ya hapo mikoba ikaanza kupungua uzito. Mwaka 2011 Alaska Airlines iliwapa marubani wake iPad, United ikafuata na vifaa 11,000, na kufikia katikati ya 2013 American ilikuwa imeachana na mikoba ya karatasi yenye uzito wa kilo kama 16. Migongo ikashukuru. Kisha mwishoni mwa Aprili 2015 programu ya ramani kwenye iPad za American ikazimika kwa mkupuo, na makumi ya safari zikachelewa. Chanzo kilikuwa ramani moja ya uwanja wa Washington iliyoingia mara mbili. Dawa ilikuwa kufuta programu na kuiweka upya, abiria wakisubiri kwenye viti.

Na pesa? Mwaka 2000 Boeing ilinunua Jeppesen kwa dola bilioni 1.5. Mwaka 2006 Jeppesen ikanunua Carmen Systems ya Sweden, watengenezaji wa programu za kupanga ratiba za wafanyakazi wa ndege. Mwaka 2019 Boeing ikanunua ForeFlight, programu maarufu ya marubani. Mwaka 2025 Boeing ikaviuza, Jeppesen na ForeFlight pamoja na vingine viwili, kwa wawekezaji wa Thoma Bravo, kwa dola bilioni 10.55. Kumbuka tulianza na daftari la senti 10.

Umeona hapo kati nimetaja ratiba. Tuingie huko, maana nusu ya swali la rafiki yangu ilikuwa hiyo.

Zamani rubani aliruka mpaka mwajiri aseme basi. Mwaka 1931 marubani wa Marekani, wakiongozwa na David Behncke, waliunda chama chao. Mwaka 1934, mwaka ule ule Jeppesen anaanza kuuza daftari, bodi ya kazi ya serikali ilitoa uamuzi namba 83, uliosema rubani asiruke zaidi ya saa 85 kwa mwezi. Siku za rubani zikawa na kikomo. Swali likabaki: saa hizo 85 ni zipi? Za mchana au za usiku? Za Krismasi au za Jumanne tupu?

Jibu la mashirika mengi ya Marekani lilikuwa ukongwe. Uliyeajiriwa mapema unachagua kwanza. Kampuni inapanga safari za mwezi kwa mafungu, marubani wanaandika wanayoyataka kwa mpangilio, na majina yanapitiwa kuanzia juu ya orodha. Wa chini wanapata makombo, au wanawekwa zamu ya kusubiri simu, begi mlangoni. Baadaye kompyuta ikachukua kazi: badala ya kuchagua fungu lililokwisha kupangwa, unaiambia unachotaka (nisianze kabla ya saa 2 asubuhi, Jumapili niwe nyumbani, nisilale mji fulani) nayo inakutengenezea mwezi wako, kwa kufuata ukongwe vile vile.

Faida ipo, ila matakwa haya yanaandikwa kwa lugha ya kompyuta yenye kanuni zake. Sharti moja ukiliweka juu ya lingine vibaya, umejinyima sikukuu mwenyewe. Ndipo soko linapoingia: programu za kukadiria utapata nini, mafunzo ya kuandika maombi, watu wa kukuandikia. Angalia mzunguko huo. Kampuni inanunua mfumo, mfumo unamshinda mfanyakazi, mfanyakazi ananunua dawa ya mfumo.

Mtu anaweza kusema ratiba ni starehe tu, haina uhusiano na ajali. Asome habari ya Colgan Air 3407. Tarehe 12 Februari 2009 ndege hiyo ilianguka karibu na Buffalo, New York, watu 50 wakafa, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Uchunguzi ulisema kapteni alikosea kuitikia onyo la ndege kupoteza nguvu ya kuelea. Lakini uchunguzi huo huo ulifunua maisha yao. Rubani msaidizi aliishi upande wa Seattle na kituo chake cha kazi kilikuwa Newark, ng'ambo ya pili ya nchi. Usiku wa kuamkia siku ile alisafiri kwa kudandia ndege za mizigo ili awahi kazini. Kapteni alikuwa amelala kwenye chumba cha kupumzikia cha wafanyakazi. Mshahara wa msaidizi uliotajwa ulikuwa kama dola 16,000 kwa mwaka, ingawa kampuni ilisema ni karibu 24,000.

Mwambie mtu huyo alipie programu ya kumsaidia kupata ratiba nzuri. Ndiye anayeihitaji kuliko wote, ndiye asiye na pesa, na ndiye wa mwisho kwenye orodha, kwa hiyo hata akiinunua haina cha kumpa. Kilichobadilisha mambo ni sheria. Kanuni mpya zilizoanza Januari 2014 zilimhakikishia rubani wa shirika la abiria Marekani angalau saa 10 za mapumziko kabla ya kazi, zikiwamo 8 za nafasi ya kulala. Hizo hazina malipo ya mwezi.

Na wenye mifumo ya gharama nao hawako salama. Desemba 2017 kosa la kompyuta liliruhusu marubani wa American kuachia safari za sikukuu, na chama chao kikasema zaidi ya safari 15,000 hazikuwa na rubani kamili. Kampuni ikaahidi malipo ya mara moja na nusu. Julai 2022 kosa la namna hiyo likajirudia, safari zaidi ya 12,000. Desemba mwaka huo huo dhoruba iliipiga Southwest, mfumo wake ukashindwa kujua marubani wako wapi, nao marubani wakawa wanasubiri kwenye simu kwa saa nyingi wapate kusema "niko hapa, nipo tayari". Karibu safari 17,000 zilifutwa, na mwaka 2023 serikali iliitoza Southwest dola milioni 140.

Kwa upande mwingine, Ryanair ya Ireland marubani wake hufanya kazi siku 5, wanapumzika 4, wanarudi tena 5. Wana malalamiko yao mengine, lakini kwenye mpango kama huo huhitaji programu ya kukueleza kama utakuwa nyumbani tarehe fulani. Unahesabu vidole.

Basi nimjibu rafiki yangu.

Ndugu yangu, chochote kinachohitajika ili ndege itue salama, usikilipie wewe. Ramani, taarifa za viwanja, vitabu vya ndege ni wajibu wa shirika lako, na kifaa kinachotumika ndani ya chumba cha rubani lazima kiwe kimeidhinishwa. Programu uliyoinunua kwa pesa yako, hata iwe nzuri namna gani, isikae mahali pa ile rasmi. Kama ile rasmi haitoshi, sema, andika, pitia chama chenu. Ukijazia pengo kimya kimya kwa mshahara wako, aliyeliacha pengo hatajua kwamba lipo, na mwenzako asiye na pesa atatumbukia.

Ile ya kujisomea na kujikumbusha sheria nyumbani, nunua ukitaka. Jeppesen naye alianza na senti zake. Lakini kabla ya kununua jaribu alichokifanya yeye kwanza: daftari, kalamu, na maswali kwa wanaojua. Kapteni aliyetua kiwanja kile mara 200 hakutozi kitu zaidi ya chai.

Ile ya ratiba, angalia kwanza shirika lako linapangaje. Kama unapangiwa tu, utakuwa unalipia kioo cha kujitazamia ukiwa umechoka. Kama kweli unachagua, na mwezi mmoja wa kuijaribu ukakurudishia Jumapili mbili na watoto, hiyo ni hesabu yako na nyumba yako. Ila mkiona marubani wote mmeinunua, jueni tatizo ni namna mnavyopangiwa, na hilo ni la kupeleka mezani kwa mwajiri.

Na ukigundua jambo, rubani mwenzangu wa karatasi, usiliache kwenye simu yako. Yule wa United mwaka 1974 alifanya kila kitu sawasawa, aliandika na akaripoti. Habari ikaishia getini kwao, na jirani akaruka bila kuijua.

Chai ya juzi nililipa mimi. Ya jibu hili atalipa yeye.